Viluwiluwi wa Mabibo hawakimbii tena

Leo mwanangu ameniona muongo, na sina cha kujitetea.

Nilishamwambia viluwiluwi, wale watoto wa chura, hawakamatiki kirahisi. Sie utotoni hapa Mabibo, kivuli tu kikigusa maji, wote wametawanyika. Nilikuwaga bingwa wa mtaa, muulizeni kaka yangu.

Basi nikampeleka kwenye mfereji uleule wa utotoni. Nikanyata kama zamani. Nikazamisha kikombe.

Hakuna aliyekimbia.

"Baba, mbona rahisi hivi?"

Wametulia tu, wanatafuna nyuzi za sandarusi, ile mifuko ya plastiki. Jirani yetu, mwalimu wa baiolojia, anasema plastiki ikiwajaa tumboni wanazubaa, hata hatari hawaishtukii.

Nikawarudisha majini. Wakabaki palepale nilipowamwaga.

Nyie mliokulia huku, mwambieni mwanangu walikuwa wanakimbia.