Aliyeitika Saba

Haya sikusimuliwa, yalinipata mwenyewe, tena mchana. Mimi si mtu wa kushabikia habari za mashetani, na vitabu nilivyosoma vimenifunza kushuku. Jambo hili nimelishuku kwa miaka mingi, nalo limekataa kuniondoka.

Miaka michache baada ya Uhuru tulikuwa vijana saba tukijifunza kazi ya kuongoza wageni msituni, katika kambi iliyokuwa juu ya Londiani. Mkufunzi wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko sala: kiongozi huhesabu watu wake kwa mkono. Kila baada ya nusu saa husimama, hurudi hadi nyuma ya msafara, humgusa kila mtu bega. "Sauti si mtu," alisema.

Kila mmoja alikuwa na siku yake ya mtihani, ya kuwaongoza wenzake. Siku yangu, mkufunzi alitungoja chini, msitu unapopakana na mashamba ya chai. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, nami nilijiambia kwamba atakayefika upesi kuliko wenzake ndiye ataipata. Wa mwisho katika msafara alikuwa rafiki yangu Kiprono, wa Roret. Mama yake alikuwa amenikabidhi: "Wewe ndiye mkubwa. Umrudishe."

"Kiprono, unatembea kama ng'ombe ako na mimba," Langat, aliyekuwa mbele yake, alimtania.

"Wacha, bwana. Hii miguu nimeazima, lazima niirudishe ikiwa mizima."

Ukungu ulishuka, kisha mvua ya mawe. Nani angependa kurudi nyuma katika matope yale? Nikahesabu kwa mdomo. Nilipaza sauti, "Moja," wengine wakafuata, kila mtu na namba yake. "Saba, na njaa iko," akaitika Kiprono. Tukacheka.

Tulipovuka kijito nilihesabu tena. "Saba." Safari hii hapakuwa na mzaha wala kuhema. Niamini, nililitambua hilo. Nililitambua, nikaendelea kutembea.

Tulipotokea kwenye chai, mkufunzi alitazama nyuma yangu. "Mmefika sita," alisema.

Langat aliapa kwamba nyayo zilimfuata mpaka kichaka cha mwisho. "Nimemwambia aharakishe, akasema sawa."

Tulirudi mbio. Kiprono alikuwa ng'ambo ya kijito, ameketi juu ya gogo, vidole vimekufa ganzi. Hakuwa ameumia popote. Nilimuuliza kwa ukali kwa nini ameketi.

Alinitazama kwa woga. "Si ni wewe? Ulirudi, ukanishika bega, ukasema nikae hapa mpaka uje."

Nilirudi lini mimi?

Aliugua kichomi, nusura tumzike. Nafasi ile alipewa mwingine. Nilipokuja kuipata kazi hiyo baadaye, sikuhesabu tena kwa mdomo hata siku moja. Kiprono sasa ni mkulima wa chai. Nikibisha kwake, humsikia ndani akimwambia mkewe, "Angalia kwanza kama ni yeye." Hunikaribisha chai, tukaongea vizuri, lakini bega lake hajaniruhusu kuligusa tena.

Nawe uliyekabidhiwa watu, wawe wanafunzi, vibarua au watoto wako mwenyewe, usiridhike kwa kuwa umeitikiwa. Geuka, uwaendee. Kazi unayoikwepa haikosi wa kuifanya, na huenda akaifanya kwa mkono unaofanana na wako.