Alasiri Tuliyovunja Matanga ya Bibi

Juzi pale Ipogolo niliona vijana wakikunja turubai la msiba, nikakumbuka uwanja wetu wa Igowole, ulivyonuka majivu na sabuni ya mche alasiri tuliyovunja matanga ya bibi.

Kwa desturi ya kuwanyoa wafiwa, shangazi alianza na binamu yangu Rehema, kwa kuwa ndiye aliyepewa jina la bibi. Wanawake walimpa pole kama mtu mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikilala na bibi kitanda kimoja. Rehema alikuwa akija likizo tu. Wivu ulinikausha machozi.

Baba mdogo akasimama. “Matanga tumeyavunja. Kilio kimeisha, turudi mashambani.”

“Wewe hujalia,” Rehema alininong'oneza. “Sasa ndiyo basi tena.”

Leo najua maneno ya baba mdogo yalikuwa ya kuwaruhusu waombolezaji warudi makwao. Siku ile niliyachukua kama katazo la kulia, nikamwendea shangazi.

“Mimi bado.”

“Bado kunyolewa? Njoo, kaa hapa, mama.”

Wembe ulipita taratibu, wala haukunikata. Nililia kwa sauti, na kila aliyeniuliza nilimwambia wembe unauma.