Kizingiti cha Mzee Urbain

Emérithe aliolewa na mwanamume, akaishia kulea kamusi. Mumewe Urbain, mzaliwa wa Uvira, alisomea lugha chuo kikuu muhula mmoja, akashindwana nacho, na tangu hapo anaendesha basi kama profesa aliyetekwa nyara. Hata taka huzipeleka akiwa na tai.

Siku ya posa ya binti yao Mélissa, Wakenya wa upande wa mchumba wake Wayne walifika Rågsved, kitongoji cha Stockholm, na theluji mabegani. Desturi inataka wazuiliwe mlangoni kidogo, wataniwe, kisha waingie. Kidogo! Emérithe alikuwa na mbuzi jikoni na roho mkononi: watu hawa walishavunja mkutano mmoja, na leo wakiondoka hawarudi.

Urbain akatandaza mikono mlangoni. “Simameni! Mnajua mnataka kuvuka nini?”

“Mlango, mzee,” akasema Gitau, mjomba wa Wayne.

“Kizingiti! Waswidi wanasema tröskel. Neno la wahenga wao, Wajerumani wa kale kabisa. Hakuna aliyeliandika! Wasomi wameliunda upya kwa kulinganisha wajukuu wake, wakaliwekea kinyota mbele, yaani: tunakisia.”

“Sasa mzee, mkikisia, sisi tunaganda.”

“Bon! Kichwa cha neno ni kupura nafaka, kuikanyaga kwa miguu. Lakini mkia? Wasomi hawaujui!” Akafumba macho kama anayebariki mkate. “Mimi naujua.”

“Pappa, sluta!” Mélissa akamsihi aache. Heri angemsihi mbu.

Emérithe akautazama mgongo wa mumewe, mgongo uliomchosha kuliko ukimbizi. Taa ya ngazi, inayojizima yenyewe, ikazimika. Urbain hakukatiza hata koma. Ndipo mama akamnong’oneza bintiye: “Mpigie Wayne. Wazunguke nyuma, nawafungulia kibaraza.”

Wakapanda ukuta mfupi wa kibaraza mmoja mmoja, Gitau akisukumwa makalio na dada yake. Wakala, wakaposa, Emérithe akaitikia.

Mkia ulipokwisha kufichuliwa, Urbain alifumbua macho, akabonyeza taa. Ngazi tupu! Akajua wamekimbia, na binti amekosa mume. Akaingia sebuleni kuomba radhi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Gitau alikuwa amekalia kiti cha Urbain, akifyonza mfupa.

“Karibu, mkwe,” akasema. “Tulikuwa tunakuulizia. Mambo yameisha, mama ameshakubali.”

Emérithe akamsogezea mumewe sahani. Ilikuwa imebaki shingo.