Daktari wangu ni binamu yangu: jinsi tatizo la homoni ya kiume lilivyogeuzwa utani mpaka macho yakaanza kufifia

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu naogopa, na hofu hii nikikaa nayo peke yangu itanimaliza. Ninayoyasema yamenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Wa kucheka acheke tu, nimeshazoea. Mtaona kwa nini.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, makazi Makorora, Tanga mjini. Umri arobaini na ushee. Shule niliishia form four, kisha miguu ikanitawala. Nimekata mkonge, nimechuma karafuu Pemba, nimeuza samaki wakavu Mkwaja.

Nilipokuwa na kibarua Amani, jioni nashuka mlima kwa miguu hadi vijiji vya chini, nacheza muziki, na asubuhi niko kazini juu. Nikiukumbuka mwili ule naona kama ulikuwa wa mtu mwingine.

Mwaka jana mwili ukazima.

Nalala nachoka, naamka nachoka. Ndevu zikaacha kuota, wembe ukashika kutu kwenye kikombe. Kifua kikawa laini kama cha mama. Kichwa kinauma nyuma ya macho. Na lile jambo la chumbani, wakuu, si kwamba lilishindikana. Hamu yenyewe ilihama.

Mke wangu, Mama Rehema, ananijua ni mtu wa njia. Akajumlisha mambo yake.

"Baba Rehema, kama una mtu Mkwaja, sema. Mimi sitakuwa wa kwanza kuachwa Makorora."

"Sina mtu."

"Basi una nini?"

Nikaona nyumba inaondoka hivi hivi.

Nikaenda zahanati ya karibu. Daktari kijana, mpole, lakini hakuinua macho. "Mzee, huo umri. Na mawazo. Pumzika." Akaniandikia vitamini. Nimezimeza mpaka mkojo ukawa rangi ya soda ya chungwa, mwili uleule.

Nikamkumbuka binamu yangu, mtoto wa shangazi, daktari kwenye kliniki ya mtu binafsi hapa mjini. Ndiye anayetutibu ukoo mzima.

Kwa wasiojua, kwetu binamu ni mtani. Tunatukanana hata msibani na hakuna kununa. Yeye mke wangu anamwita mke wake, na mimi wa kwake vivyo hivyo.

Nikaona heri huyo, maana jambo la aibu ukilibeba kwa utani linatoka mdomoni kirahisi. Hapo ndipo nilipokosea.

Nikaingia nikasema, "Daktari, nimekuja kukurudishia mke wako. Mimi sina kazi naye tena."

Alicheka mpaka nesi akachungulia.

"Nilijua tu! Siku ya harusi nilisema, hili ni gunia la mkaa limevalishwa kanzu. Mlete mke wangu leo leo."

"Nasema kweli, bwana."

"Na mimi nasema kweli! Kanywe supu ya pweza, ukishindwa kabisa nitatuma posa."

Nikacheka naye. Ningefanyaje? Mlango niliufungua mwenyewe. Nikatoka bila kipimo hata kimoja, na pweza nikamnywa kweli. Hakunisaidia.

Hapa niwaonye kidogo: nilipita pia duka la dawa, nikapewa vidonge vya wazee, vile vya nguvu za kiume. Moyo ulikwenda mbio mpaka nikatoa shahada. Msijaribu bila kupimwa.

Nikaperuzi mtandaoni, nikaona dalili zangu zote chini ya neno moja: testosteroni, homoni ya kiume, ikipungua. Nikarudi zahanati kuomba kipimo. Yule kijana akasita, mwishowe akakubali damu ichukuliwe asubuhi ipelekwe Dar. Majibu yakarudi: homoni iko chini sana.

Nikafurahi, jamani! Nikadhani sasa natibiwa.

"Sindano za homoni sijawahi kumwandikia mtu," akasema. "Ukipata shida ya tezi dume, kesi yangu. Subiri tuone."

Tuone nini, na wakati mimi ndiye niliyekuwa naacha kuona?

Nilianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Bajaji zikawa zinanitokea ubavuni kama zimeota ardhini. Nikasema uchovu.

Siku moja nikampita Mama Rehema kwenye baraza bila kumsalimu. Akadhani nimemnunia. Akanifuata, akasimama pembeni yangu, akapunga mkono karibu na sikio langu, taratibu.

Sikugeuka.

Akahamia upande wa pili, akapunga tena. Nilisikia bangili tu.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba Rehema, hunioni?"

Habari ya mwanamke wa Mkwaja ikaishia pale. Alichukua buibui lake na majibu yangu ya damu, tukaenda kwa binamu.

Binamu alipotuona akafungua mikono. "Mke wangu! Umeletwa hatimaye!"

"Shemeji," Mama Rehema akasema, "leo utani uache nje. Huyu mume wangu anakufa huku mnacheka."

Wakuu, sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Akasoma majibu. Akaniambia nimtazame puani, akanyanyua vidole pembeni. "Vingapi?" Sikuviona. Akavisogeza. Bado. Mpaka vilipofika karibu na uso wake ndipo nikaviona.

Akakaa chini. Akaniita jina langu kamili, lile la shuleni.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya hapo nilikuwa na wasiwasi tu.

Akasema huenda homoni si ugonjwa wenyewe, ni moshi tu, moto uko kichwani. Akampigia simu daktari bingwa Dar mbele yetu. Tukaenda huko, nikapigwa picha ya kichwa: kuna uvimbe kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ile inayoamrisha homoni, na unabana mishipa ya macho. Bingwa anasema aina yangu mara nyingi husinyaa kwa vidonge. Mara nyingi. Neno hilo ninalala nalo na kuamka nalo.

Nimeanza vidonge. Niko kwa dada yangu Dar nikisubiri kupimwa macho tena. Mama Rehema yuko nami. Kila asubuhi anapunga mkono pembeni, na mimi naogopa kumjibu.

Nilichojifunza: ndugu yangu mwanaume, ukienda kwa daktari usiingie na kichekesho, hata kama ni mtani wako. Sema ugonjwa wako wote kama ulivyo, na akisema ni umri, muulize amejuaje kabla ya kupima.

Aliyepitia uvimbe wa namna hii, au mwenye ndugu aliyepona, naomba aniandikie hapa chini. Hata neno moja.

Binamu ananipigia kila siku. Ananisalimia kwa adabu, anauliza dawa, ananitakia afya. Siku atakayonipigia aulize mke wake hajambo, nitajua nimepona.