Fundi wa Nyumba Iliyozama

Fundi wa Mama Aziza hanunui tofali. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilijaza orofa ya chini ya duka la zamani la mama huyo, katikati ya Goma. Humohumo ndimo fundi anamochonga lava iliyoganda, apate mawe ya kuta za duka jipya juu yake. Kila jiwe huligonga kwa nyundo na kuliinamia kama anayemsikiliza mgonjwa, halafu huguna. Siku mizinga ilipolia Kibati, nje kidogo ya mji, majirani walipigilia mbao milangoni. Mama Aziza alifika na furushi kichwani, tayari kukimbia, akamkuta fundi anatoboa ukuta upande wa ziwa.

"Papa, waasi wanaingia na wewe unafungua dirisha?"

"Mama, hao watapita. Giza ya humu itabakia."

Akagonga tena. Mwangaza ukafika kwenye kaunta. Mama Aziza akatua furushi, akamshikia kamba ya kupimia.