Muulizeni Kwanza Anataka Kukaa Wapi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninaposikia vyombo vyenu vya moto vikiunguruma hapo chini ya dirisha langu. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nimekaa upande nyuma ya Vespa ya mume wangu, buibui nimelikusanya mapajani lisije likaingia kwenye gurudumu, na mbele yetu sote alikuwa kaka yangu Hamadi, peke yake, na koja la asumini shingoni kama bwana harusi. Nilikuwa na furaha siku ile mpaka mashavu yananiuma kwa kucheka. Furaha yenyewe haikufika Bububu tulikokuwa tukienda.

Nakuhadithia kwa sababu jana ulikuja na wenzako mkanionesha fulana zenu, mkaniambia Jumapili mnatoka Forodhani na pikipiki mpaka Chwaka, mkusanye msaada kwa askari wastaafu waliokwenda kulinda amani nchi za watu, wakarudi na kiwewe, na hadi leo usingizi wao ni wa mang'amung'amu. Nimefurahi, wallahi. Fulana sikuzipenda, rangi ile inaumiza macho, lakini jambo lenyewe nimelipenda sana. Kisha ukasema kwamba Bwana Khatibu, yule jirani yetu aliyerudi mwaka juzi kutoka huko, mtamweka mbele kabisa na nyinyi nyote mumfuate. Hapo nikanyamaza. Ukadhani nimechoka, ukaniaga. Sikuchoka, mwanangu. Nilikuwa namfikiria Hamadi, na leo nimekuita nikwambie niliyoyafikiria.

Hamadi alikwenda vita vya Uganda akiwa kijana mcheshi, mpenda watu. Alirudi na mwili wake mzima, na hilo ndilo lililotupoteza. Mtaani walimwona ana mikono yote na miguu yote, wakasema alhamdulillahi, basi yamekwisha. Sisi tuliokuwa naye nyumbani tuliyajua mengine. Alikuwa hawezi kula mpaka mgongo wake uwe ukutani. Ukipita nyuma yake na ndoo anageuka ghafla, macho yamemtoka, na wewe kwa hofu unamwaga maji. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Alikuwa akituomba radhi, kila mara anatuomba radhi, na radhi zile ndizo zilizokuwa zikinikata maini.

Pole pole akaacha kutoka. Rafiki zake walimwekea nafasi yake barazani, ikakaa tupu hadi mwishowe akaja mtu mwingine akaikalia. Vespa yake ilikuwa ukumbini imefunikwa gunia. Mimi na Bibi Rukia, nyanya yetu aliyetulea, hofu yetu ilikuwa moja tu: kwamba Hamadi atazeekea ndani ya chumba kile, na watu watamsahau angali hai.

Sasa huyo mume wangu, Makame, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mambo. Yeye na wenzake wenye Vespa ndio waliokuwa wakisindikiza maharusi hapa mjini, na harusi isiyokuwa na honi zao ilionekana kama haijafungwa. Siku moja akaja na shauri. Waende na Vespa zao mpaka Bububu, wapite njia nzima wakikusanya mchele, sabuni, nazi, chochote, kisha wavigawe kwenye nyumba za askari waliorudi kama Hamadi, wasioweza tena kazi. Wakati ule vitu vilikuwa adimu, na petroli waliiweka akiba kwenye chupa wakijinyima safari nyingine. Usidhani nyinyi ndio mlioanza, mwanangu. Tofauti yetu na nyinyi ni kwamba sisi hatukuwa na fulana.

Makame akaenda kumshawishi Hamadi, na Hamadi akakubali. Mchana wake nilimchungulia kutoka ghorofani. Alikuwa amelitoa lile gunia, amechuchumaa anaisugua Vespa yake kwa kitambaa, na anapiga mbinja. Nilimwita Bibi aje asikilize. Tulisimama pale dirishani, wanawake wawili, tunasikiliza mbinja kama watu waliokwenda kwenye taarabu.

Basi siku ya safari ikafika. Makame akampanga Hamadi mbele, akamvisha lile koja, wengine wote nyuma, na honi zikaanza. Watu walitoka milangoni, wanawake wakapiga vigelegele. Lakini mimi nilikuwa namtazama kaka yangu, na nilimwona anageuza shingo. Anatazama mbele kidogo, anageuka tena. Tulipofika Mtoni alikuwa anatazama nyuma zaidi kuliko mbele. Kisha akaiacha barabara. Vespa akaiangusha majanini, injini bado inanguruma, akakimbilia kwenye ukuta mmoja wa kando ya njia, akaubandika mgongo wake pale na viganja vyake vyote viwili. Asumini zikawa zimemwagika njia nzima.

Wote tukateremka tukamzunguka, na kila mmoja alikuwa na lake. Huyu anampepea, huyu anamwambia anywe maji, huyu anamsomea dua kwa sauti sikioni. Kila tulivyozidi kumsogelea ndivyo alivyozidi kujibana kwenye ule ukuta.

"Nipisheni," alikuwa akisema. "Nnakuombeni, nipisheni."

Tulimrudisha nyumbani. Mlangoni mwa chumba chake alinambia, "Nshatoka, imetosha. Msinitoe tena." Akafunga. Makame alikaa kwenye ngazi akalia, na mimi nikakaa kando yake. Nikalia na mimi.

Bibi Rukia alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Aliendelea kupepeta mpaka tulipomaliza kulia, ndipo akatuita.

"Makame, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, Bibi. Akakubali kwenda."

"Silisemi hilo. Ulimuuliza anataka kukaa wapi?"

Makame akatabasamu, tabasamu la mtu asiyeliona kosa lake. "Bibi, mtu unayemhishimu unamuuliza akae wapi? Si unamweka mbele tu?"

Usimcheke, mwanangu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote katika kisiwa hiki. Mgeni akiingia hatumuulizi kama ana njaa, tunaona kumuuliza ni kama kumnyima. Tunaandaa, tunamnawisha, na akisema ameshiba tunamwapia mpaka ale. Ni tabia nzuri na mimi mwenyewe siiachi. Lakini Bibi aliweka ungo wake chini.

"Hishima hiyo yako weye, si yake. Babu yao aliporudi kwenye vita vya Burma, nilikuwa nikimtandikia mkeka katikati ya ukumbi, pahala pa mwenye nyumba. Hali chakula. Nkadhani kanichukia, nkalia weee. Siku nlipochoka kulia nkamuuliza, 'Baba Asha, nikutandikie wapi?' Akanionesha pembeni, kule kwenye mapipa ya maji. Nkaona aibu, mume wangu ale kwenye mapipa! Nkatandika hivyo hivyo. Akala, akamaliza sahani."

Kisha akamtazama Makame. "Nyie mmemchukua mtu anayeogopa mgongo wake, mkajipanga wote nyuma ya mgongo wake, tena na mahoni. Nenda kamuulize. Na akishakujibu, usibishane naye."

Makame alikwenda siku ya pili, si siku ile. Nilikuwa naye pale mlangoni. "Shemeji," alisema, "tukitoka tena, weye ungependa kukaa wapi?"

Sauti ikatoka ndani, ndogo lakini safi.

"Mwisho. Mwisho kabisa. Nyuma yangu asiwepo mtu."

Nikamwona Makame anafungua kinywa. Najua alichotaka kusema. Alitaka kusema kwamba watu watatucheka, watasema tumemwacha mwenye shughuli yake anakula vumbi. Bibi akakohoa kule uani. Makame akakifunga kinywa chake. "Haya, shemeji. Mwisho."

Tulitoka tena bila koja na bila honi. Msafara gani ule, ulikuwa kimya kama watu wanaokwenda hitimani! Na kweli njiani tulisemwa. "Makame, mbona Hamadi mmemwacha?" Mwingine akampigia kelele Hamadi mwenyewe, "Kaza, bwana, wenzio washafika!" Makame masikio yalimwiva. Lakini mimi niligeuka nikamwona kaka yangu yuko nyuma kule, mbali kidogo na sisi sote, ametulia juu ya kiti, anatazama mbele. Tulipita Mtoni. Nilimtazama mpaka na yeye alipoupita ule ukuta. Hakuutazama hata kidogo.

Mbele kidogo, Vespa yetu ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikazima. Wenzetu wa mbele hawakujua, walikuwa wanakwenda zao, na wangefika Bububu ndio wagundue hatupo. Aliyetuona ni mmoja tu, yule wa mwisho. Hamadi akasimama, akaiegesha Vespa yake, akaja akachuchumaa. Akaitoa plagi, akaitazama, akamtazama Makame.

"Shemeji, kwenye petroli umetia oili ya kupikia maandazi? Nyingi hivi?"

Nilikuwa sijasikia mzaha wake tangu alipoondoka kwenda vitani. Makame alicheka mpaka akakaa chini barabarani, na mimi nilijigeuza upande nikajifuta macho kwa ncha ya buibui. Hamadi akaisafisha plagi kwa kitambaa na kijiti, akairudisha, Vespa ikawaka kwa shida, inatoa moshi tele.

"Hii haivuti watu wawili na gunia la mchele," akasema. Kisha akanigeukia. "Panda kwangu."

Nikautazama mgongo wake. "Nyuma yako, Kaka?"

"Ulitaka kukaa wapi, kwenye usukani?"

Nikapanda. Nilikuwa na hofu kubwa, nisikufiche. Nikakumbuka mkeka wa Bibi, nikamuuliza, "Nikushike, au nishike kiti?"

"Shika kiti kwanza."

Nikashika kiti. Mabega yake yalikuwa yamekaza, nayaona yanatetemeka chini ya shati. Tukaenda hivyo, Makame mbele yetu na moshi wake, na baada ya mwendo nikayaona yale mabega yanashuka, taratibu, kila moja kwa wakati wake. Karibu na kuingia Bububu barabara ilikuwa na mashimo.

"Haya, sasa nishike," akasema bila kugeuka. "Njia mbovu hii, utaanguka."

Nikamshika kaka yangu kiunoni, nikaweka kichwa changu mgongoni pake, na tukaingia Bububu hivyo, sisi wa mwisho kuliko wote, na watu wameshaanza kushusha nazi.

Sikwambii kwamba alipona. Zilikuwapo siku za kufunga mlango, na usiku mwingine tulimsikia anatembea chumbani. Lakini hakufunga moja kwa moja tena. Kila msafara ulipotoka alikuwa nyuma yake, akawa ndiye fundi wa kila aliyeharibikiwa njiani, na vijana wakawa wanasafiri kwa raha wakijua Hamadi yuko nyuma. Alioa, akapata watoto, akaondoka duniani juzi juzi tu, mzee, na nyumba ilijaa watu.

Sasa nisikilize. Kabla ya Jumapili, nenda kwa Bwana Khatibu. Nenda peke yako, bila fulana ile, wala usiende na wenzako kumi, kwa sababu mbele za watu mtu hujibu lile litakalowafurahisha watu. Mpe shikamoo yake, kaa, kunywa chai yao. Halafu muulize anataka kukaa wapi. Akisema mbele, mwekeni mbele na honi zenu zote. Akisema nyuma, nyuma. Akisema hataki kuja kabisa, mpelekeeni salamu za Chwaka na fungu lake, na mwaka ujao mkamuulize tena. Msimpe kipaza sauti asimulie aliyoyaona ili watu watoe zaidi. Akitaka kusimulia atasimulia, na atachagua wa kumsimulia. Na hicho mtakachokusanya, msiishie kununua mchele kama sisi. Siku hizi wapo madaktari wanaoyajua maradhi haya. Sisi tulikuwa na Bibi Rukia tu, na wala si kila nyumba ina Bibi Rukia.

Na jibu lake likiharibu mipango yenu, vumilieni iharibike. Mume wangu alisemwa njia nzima siku ile, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kuifurahia safari nyingine kama ile.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie njia, akuepushe na mashimo na madereva wenye haraka. Akujaalie macho ya kumwona aliyebaki nyuma na ulimi mwepesi wa kumuuliza hali yake. Awape hao askari usingizi mtamu, wao na waliowazaa na wanaowasubiri nyumbani. Na wewe siku ukirudi umechoka, akupe mtu wa kukuuliza unataka kukaa wapi, kisha akutandikie papo hapo.