Ndege Tuliyoiita Ng'ombe

Vumbi likipata moto nyuma ya televisheni ya zamani, zile nene zenye kisogo, hutoa harufu yake peke yake, kama nywele zilizopitishwa karibu na jiko. Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi wa redio kutafuta waya, naye akawasha televisheni moja ya namna hiyo ili aijaribu. Kabla picha haijatokea nilikuwa nimekwisha kurudi mtaani kwetu Kisenyi, nina miaka kumi na mmoja, nimebanwa kwenye benchi la mbao pamoja na watoto wengine wanane, nasubiri zamu yangu ya kurusha ndege.

Chumba cha geimu cha Abdi kilikuwa katikati ya gereji ya malori na mashine ya kusaga mahindi. Upande mmoja watu waligonga nyundo kutwa, upande wa pili mashine ilinguruma, kwa hiyo milipuko ya vita vyetu hatukuisikia sana. Tuliihisi viganjani, maana padi za kuchezea zilikuwa zikitetemeka. Abdi alikuwa kijana wa Kisomali, mrefu, mwenye upole wa mtu aliyekwisha kuzoea kelele. Alikunywa chai ya hiliki asubuhi hadi jioni, na sheria zake zilikuwa mbili tu: usishike padi ukiwa na mafuta ya chapati mikononi, na usimtukane mama wa mwenzako. Mama yangu aliniruhusu kwenda kwa sababu mlango wa Abdi ulitazamana na baraza yetu. Hapo barazani alikaa akisuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula, kama walivyofanya wanawake wengi wa Kinubi mtaani kwetu, na kila baada ya muda aliinua macho kuhakikisha kwamba kisogo changu bado kipo mahali pake.

Abdi alikuwa na geimu za mpira na za magari, lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya ndege. Zilikuwa geimu tatu za ndege za vita, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya kwenye maganda yake, tulizipa majina wenyewe. Naomba mniruhusu nizieleze vizuri, kwa sababu mambo haya wakati ule yalikuwa mazito kwetu.

Bora kuliko zote ilikuwa Mwewe. Ndege yake ilikuwa ya kijivu, imechongoka kama kalamu, na ukiigeuza ghafla jua lilikupiga machoni, ukakunja uso kweli. Ulipita kwenye korongo jembamba huku mawe yakikimbia pande zote mbili, na kombora likikufuata nyuma mwanamke mmoja alikuonya kwa lugha tusiyoijua, kwa sauti inayozidi kupanda. Mimi, msichana, ndiye niliyekuwa mkali wa Mwewe pale Kisenyi. Wavulana hawakupenda kulisema jambo hilo, lakini walilijua.

Ya pili ilikuwa Senene, tuliyoiita kwa jina la wale panzi tunaowala msimu wa mvua, maana ndege zake zilikuwa ndogo, za kijani, na zilikuja kwa makundi. Ilikuwa nzuri ya wastani. Uliicheza, ukaimaliza, ukaenda zako.

Mbaya kuliko zote ilikuwa Ng'ombe. Jina hilo alilitoa Kato, mtoto wa mwenye mashine ya mahindi, siku ya kwanza tu alipoijaribu. "Banange! Hii ndege nageuka kama ng'ombe nashiba majani," alisema, na jina likaganda. Mawingu yake yalikuwa mabonge ya posho, ule ugali wetu. Bahari yake ilifanana na beseni la plastiki. Maadui waliruka wamenyooka, mmoja nyuma ya mwingine, kana kwamba wako kwenye foleni ya kuchota maji. Ukigonga mlima, ulipita ndani yake kama jini ukatokea upande wa pili mzima. Na kulikuwa na mwanamume aliyesema maneno matatu yale yale, ushinde ushindwe. Kato aliapa kwamba maana yake ni "pole sana ndugu."

Jambo moja tu Ng'ombe ilikuwa nalo ambalo zile nyingine hazikuwa nalo. Kwenye Mwewe, ukishinda, picha inakatika na ndege imekwisha kuegeshwa. Kwenye Ng'ombe ulipaswa kuitua mwenyewe. Unarudi mpaka kisiwani, unashusha matairi, unapunguza mwendo, unainua pua kidogo, na ukikosea unaanza vita upya. Ukifaulu, vitu viwili vyekundu, visivyo na uso, vinatoka kwenye kijumba na kusimama kando ya uwanja. Vilikuwa watu. Sisi tuliona ni upuuzi mtupu. Nani anataka kushuka?

Furaha alitaka. Alikuja mtaani likizo moja ya Desemba pamoja na mama yake, watu wa mashariki mwa Kongo waliokuwa wamehamahama miezi kadhaa. Mama yake alipata kiti cha kusuka nywele mbele ya mashine ya mahindi, na Furaha, aliyekuwa na umri wangu, akaanza kuingia kwa Abdi. Alivaa gauni la kitenge lililofupishwa mara mbili. Zamu yake ikifika, aliomba Ng'ombe. Kila siku Ng'ombe. Hakumpiga risasi mtu yeyote. Alizunguka juu ya lile beseni mpaka maadui wakajiondokea, kisha akarudi kisiwani na kutua, polepole, ulimi umetokeza kwenye kona ya mdomo. Wale wekundu wawili wakitoka, aliwagusa kwa kidole kwenye kioo, mmoja, kisha wa pili, ndipo akampa padi anayefuata.

Wavulana walicheka. Mimi nilicheka kuliko wao, na sitawaficha kwamba mlio wa "mooo" aliopigiwa kila alipokaa niliuanzisha mimi.

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, Abdi alitutangazia habari. Kulikuwa na mfanyabiashara soko la Nakawa aliyekubali kupokea geimu moja ya zamani na kutoa moja mpya. Hiyo mpya, Abdi alisema, watu wawili wanaruka pamoja, bega kwa bega, kwenye anga moja. Benchi zima lilipiga yowe. "Kesho mchana mtaniambia niipeleke ipi," akasema. "Mikono itainuliwa. Wallahi mimi siamui, baadaye mnilaumu."

Hapakuwa na la kuamua. Nilitoka pale miguu haigusi ardhi, nikamkuta Furaha ameketi kwenye ngazi ya baraza yetu, karibu na mama yangu, akimshikia nyuzi. Nilimwambia, kwa raha mbaya ninayoikumbuka hadi leo, kwamba Ng'ombe wake kesho anakwenda machinjioni.

Alizungusha uzi kwenye kidole.

"Hii njo inashukaka," alisema mwishowe. "Zile ingine hazishukake. Ziko mu hewa tu."

"Na wewe kushuka unakutakia nini?"

Ndipo akanieleza, kwa kile Kiswahili chao cha kwao kilichotuchekesha sana. Baba yake alikuwa akipakia mizigo kwenye uwanja mdogo wa ndege wa mji wao. Vita vilipokaribia, rubani mmoja alimfanyia hisani, akampa nafasi mbili kwenye ndege inayokuja Entebbe. Nafasi mbili, watu watatu. Baba aliwasukuma mke na mtoto ndani, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Papa alisema atakuya na ndege ya nyuma," alisema Furaha.

"Lini?"

Aliinua mabega. Ilikuwa imepita miezi saba.

Mama yangu aliendelea kusuka, lakini niliona amekosea rangi, ameweka ya zambarau mahali pa kijani, na hakuifumua. Usiku ule nilikula kidogo. Nilikuwa nimeitaka ile geimu ya watu wawili kwa namna ambayo mtoto pekee anaweza kukitaka kitu, yaani kwa mwili mzima.

Siku ya pili chumba kilijaa. Abdi aliweka maganda matatu juu ya televisheni. Kato alisimama kwanza, akasema machache yenye kutosha: "Ng'ombe iende. Hata bure iende." Mikono ilianza kupanda kabla hajaketi. Nami nikasimama.

Ndugu zangu, sijawahi kutetea jambo gumu kama lile. Nilisema mtu yeyote anaweza kuruka, hata senene anaruka. Nilisema kwenye Mwewe unashinda halafu unaletewa picha, kama mtu anayepikiwa akajisifu kwamba amepika. Nilisema Ng'ombe inageuka taratibu kwa sababu ndege halisi ni nzito, jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo hata kidogo.

"Na ule mlima?" Kato aliuliza. "Ndege ya kweri napita ndani ya mlima?"

Chumba kilipasuka kwa vicheko. Masikio yaliniwaka. "Mlima una kasoro," nikakiri, "lakini kutua ni kazi. Wewe Kato umetua mara ngapi?"

Kato hakuwahi kutua hata mara moja. Nikawageukia wengine, mmoja mmoja, nao wakatazama miguu yao. Hata mimi mkali wa Mwewe, nikawaambia, sijawahi. "Ni mmoja tu humu ndani anayeweza." Wote wakamtazama Furaha, aliyekuwa anatazama sakafu.

Nisiseme uongo: sikuwashinda. Mikono ya kuifukuza Ng'ombe ilikuwa bado mingi. Lakini Abdi alikuwa ameshusha kikombe chake cha chai tangu niliposema habari ya kutua, akamtazama Furaha, kisha akaichukua Senene na kuitia mfukoni.

"Hii hakuna anayeichukia, hakuna anayeipenda," alisema. "Haitalia, wala haitaliliwa."

"Rakini wewe nasema hauamui!" Kato alipiga kelele.

"Nimeamua," Abdi akasema, akainua kikombe.

Safari ya Nakawa haikuzaa kitu. Yule mfanyabiashara aliigeuza Senene huku na huku akasema hiyo haitaki, angepokea nyingine yoyote lakini si hiyo. Abdi hakutaka kutoa nyingine, tukakosa geimu mpya, nami nikatazamwa kwa jicho baya kwa siku nyingi. Kato alinipigia "mooo" kila nilipopita.

Majuma kadhaa baadaye, Jumamosi mchana, Furaha alikuwa kwenye padi. Alikuwa ameshusha matairi, anakaribia kisiwa, na sisi, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa anajaribu kutua na anashindwa, tulikuwa tumenyamaza tukitazama vidole vyake. Nje lori la mahindi kutoka magharibi lilikuwa limesimama kushusha magunia. Tukasikia mwanamke anapiga ukelele, mmoja mrefu, halafu kitu kikaanguka chini, nadhani lilikuwa sanduku lake la vitana.

Furaha aliijua sauti ya mama yake. Aliiachia padi ikaning'inia kwenye waya wake, akatoka mbio.

Tulimfuata mpaka mlangoni. Kati ya magunia alikuwa amesimama mwanamume mwembamba, mweupe kwa vumbi la mahindi kuanzia nywele hadi viatu, kama mtu aliyepakwa unga ili akaangwe. Alikuwa amekuja na ndege isiyo na mabawa: siku nne kwa miguu, siku tatu mpakani, siku mbili juu ya magunia, akiuliza kila alipofika ni wapi wanakokaa watu wa mji wake. Furaha alimrukia kwa nguvu hata wote wawili wakaketi chini. Alipoinuka, mbele ya gauni lake palikuwa peupe. Mama yangu, upande wa pili wa barabara, alikuwa amesimama na kawa mkononi, analia na kucheka, akimwita Mungu kwa Kinubi.

Ndani, ile ndege ilijiangukia baharini bila mtu. Hakuna aliyeitazama.

Baada ya siku ile, Furaha hakuomba Ng'ombe tena. Hata mara moja. Aliketi kwenye benchi, akasema anataka Mwewe, na kabla ya mwezi kwisha akanipiga mimi, mkali wa Kisenyi, kwenye korongo langu mwenyewe. Mikono iliyozoea kutua polepole hivyo haitishwi na mawe. Niliudhika. Kushindwa kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeitoa sadaka geimu ya watu wawili kwa ajili ya Ng'ombe wake, na sasa Ng'ombe amelala juu ya televisheni anakula vumbi. Nilimwona hana shukrani.

Nilihitaji kuwa mtu mzima, na kukaa miezi mingi nikingoja simu ya kaka yangu aliyekuwa amekwama Juba wakati wa vita, ndipo nikaelewa. Siku zote nilidhani Furaha alikuwa rubani. Hakuwa. Alikuwa mmoja wa wale wawili wekundu waliotoka kwenye kijumba na kusimama kando ya uwanja. Kaka yangu alipofika salama, kile kiti nilichokuwa nikikalia karibu na simu nilikitoa nje, na sikutaka kukiona tena.

Nilipotoka kwa fundi siku ile nilimpigia Furaha. Anaishi Ggaba sasa, kando ya ziwa, ana watoto watatu, na baba yake, mzee mwenye afya njema, anakaa naye na kulalamika kwamba samaki wa siku hizi ni wadogo. Anamkumbuka Abdi na chai yake. Anakumbuka, kwa furaha isiyo na huruma, namna alivyonipiga kwenye Mwewe. Nikamuuliza kuhusu Ng'ombe.

"Ng'ombe gani?" akasema.

Nilimweleza mawingu, beseni, mlima, yule mwanamume wa maneno matatu. Hakuna. Ilikuwa imemtoka kabisa. Nikasikia moyo wangu umetulia, nikashangaa jinsi nilivyofurahi. Wale wawili wa kando ya uwanja sikuwataja. Nilimwambia tu kwamba ilikuwa geimu mbaya kuliko zote pale Kisenyi, naye akacheka, akasema basi ndiyo maana ameisahau.